Mgeni wa Baba Kwenye Msaragambo

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Same, nachagua nyanya, simu ikalia mkobani. Ulikuwa ujumbe kwenye kundi la watu wa kijijini kwetu: "Ndugu zangu, Jumamosi saa mbili asubuhi ni msaragambo wa ndiva. Asiyeweza kufika atume mchango kwa namba ya katibu." Chini yake watu walikuwa wameshaanza kuweka vidole gumba. Nikasoma mara mbili, mara tatu, nimeshika nyanya mkononi.

"Mama, hiyo unainunua au unaisalimia?" muuzaji akaniuliza.

Nikacheka, nikanunua. Na Jumamosi alfajiri nikapanda gari la kwanza la mlimani, jembe langu nimelifunga gazeti sehemu ya bati ili lisimkate mtu. Utingo alilitazama akatikisa kichwa. Watu hupandisha mabati na viroba vya sukari siku hizi. Jembe, tena la mama wa mjini, hakulizoea.

Ngoja nikueleze vizuri, kwa sababu huenda hukukulia milimani Upareni na maneno haya mawili ni mageni kwako. Ndiva ni bwawa la kuchimbwa kwa mkono, juu ya mashamba, na ukingo wake ni wa mawe na udongo wa mfinyanzi. Kiangazi kijito chetu hupungua hadi kinakuwa chembamba kama kamba ya mbuzi. Ukikielekeza shambani moja kwa moja, ardhi inayanywa maji yote kabla hayajafika kwenye mche wa kumi. Lakini ukiyakusanya ndani ya ndiva usiku kucha, kisha asubuhi ukafungua tundu la chini, yanatoka kwa nguvu na kukimbia mferejini hadi kwenye matuta ya mwisho kabisa. Hiyo ndiyo siri yote. Hakuna pampu wala injini. Ila ndiva hujaa tope, ukingo hulegea, mfereji huota majani, na hakuna nyumba moja inayoweza kuyatengeneza hayo peke yake. Kwa hiyo kijiji kizima hutoka siku moja kuifanya kazi hiyo bila malipo, na siku hiyo ndiyo tunayoiita msaragambo.

Nilipokuwa mtoto hatukuitwa kwa simu. Tuliitwa kwa pembe. Jioni ya kuamkia siku ya kazi, msimamizi wa ndiva alipanda mwambani juu ya kanisa na kuipuliza mara tatu, kwa pumzi ndefu, na sauti ile ikashuka bondeni na ukungu. Mbwa walibweka. Akina mama waliacha walichokuwa wanafanya wakasikiliza, kisha kila mmoja akaenda kuangalia kama mpini wa jembe umekaza. Bibi yangu alikuwa na neno lake moja, kila mwaka lilelile: "Haya, tumbo la mlima linaita."

Mwaka ninaotaka kukusimulia nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi, na nyumba yetu ilikuwa na shida moja kubwa. Haikuwa na mkono.

Sheria ilikuwa rahisi. Kila nyumba yenye zamu ya maji ilitoa mtu mzima mmoja kwenye msaragambo. Isiyotoa, zamu yake ilirukwa mpaka msaragambo mwingine. Mama alikuwa ametoka kujifungua, mdogo wangu ana wiki mbili. Bibi alikuwa ameshavuka umri wa kubeba tope. Wazee wa umri wake walipika tu, na mpishi hakuhesabiwa. Mimi nilikuwa mtoto. Aliyebaki ni baba, na baba alikuwa kule chini tambarare, kwenye shamba la mkonge.

Kutoka kwenye matuta yetu, siku isiyo na ukungu, uliweza kuliona shamba hilo: mistari ya kijani iliyonyooka kama imechorwa kwa rula, na vumbi la reli pembeni. Baba alifanya kazi kwenye mashine inayokamua majani ya mkonge na kuacha katani nyeupe. Mashine ile haikumngoja mtu. Ikiwashwa, kila mmoja awe mahali pake, na asiyekuwepo nafasi yake inachukuliwa mchana huohuo, kwa kuwa langoni walikuwepo wengine wamechuchumaa wanangoja. Mshahara wake ndio uliotununulia chumvi, mafuta ya taa, sabuni na daftari. Maharage ya bibi ndiyo tuliyokula. Nyumba yetu ilikuwa imesimama kwa miguu miwili, mmoja juu mlimani na mmoja chini tambarare, na nyumba nyingi za kwetu zilisimama hivyohivyo. Nilipokuwa mkubwa niliwahi kusikia watu wakizungumza kana kwamba shamba la mkonge na matuta ya bibi ni dunia mbili. Hapana. Bila makande ya mlimani, mshahara ule usingemtosha mtu yeyote. Na bila mshahara ule, bibi angepata wapi jembe jipya?

Mwaka huo maharage yalikuwa ngazi tatu za matuta, na yalikuwa yameanza kutoa maua. Maharage yakikosa maji wakati wa maua, maua hupukutika, na ganda halifungi. Hilo hata mimi nililijua. Tukirukwa zamu, ngazi tatu zile zingekuwa majani ya mbuzi, na sufuria yetu ya mwaka mzima ingekuwa mahindi matupu.

Alhamisi, mbwa wetu akabweka, na mlangoni akasimama mwanamume nisiyemjua. Alikuwa mrefu, mwembamba, viganja vyake vimejaa alama nyeusi za miiba. Akasema, "Hodi hapa. Shikamoo, mama." Bibi akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na hapo Kiswahili chake kikawa kimefika karibu na mwisho, kwa maana bibi alizungumza Kichasu, lugha yetu Wapare, na Kiswahili alikiweka kwa ajili ya kanisani na mnadani. Mgeni akatoa karatasi iliyokunjwa. Nikaisoma kwa sauti. Ulikuwa mwandiko wa baba, mistari miwili: "Mama, siwezi kupanda, mashine haisimami. Namtuma huyu badala yangu kwenye msaragambo, mpokeeni."

Mgeni alitoka mbali, upande wa Kigoma. Alikuja kukata mkonge akiwa kijana, akabaki. Watu kama yeye tuliwaita manamba, neno ambalo sisi watoto tulilitumia bila kufikiri, na wakubwa wakati mwingine kwa kufikiri. Bibi alimpa makande. Ya kwetu yalipikwa mchana kutwa, mahindi yaliyotwangwa na maharage, yakaungwa maziwa mwishoni mpaka yakawa mazito na laini. Mgeni alikula sahani mbili. Kisha akasema, "Mama, chakula hiki kina adabu." Nikamtafsiria bibi, naye akageukia ukutani ili asionekane anatabasamu.

Nilitaka kumuuliza mgeni baba amemlipa nini. Bibi alinikataza. "Mgeni haulizwi malipo yake," alisema. "Ni sawa na kumuuliza atakula kiasi gani." Lakini nilimwona usiku ule akigeuza ile karatasi mkononi, ingawa hakujua kusoma, na nikajua anawaza ninachowaza.

Ijumaa, kabla hatujaamka, tulisikia shoka. Mgeni alikuwa anapasua kuni. Bibi akatoka mbio kumzuia, akachelewa, zilikuwa zimeshapangwa ukutani kwa mpangilio ambao kuni zetu hazijawahi kuuona. Alikuwa ameleta pia mzigo wa katani iliyosokotwa, zawadi ya kufungia mbuzi. Jioni pembe ikalia mara tatu.

Jumamosi tukashuka ndivani na baridi yetu. Moshi wa mafiga ulikuwa umeshaanza, akina mama wanachambua mahindi, wanaume wanapiga nyundo kwenye mipini. Msimamizi wa ndiva alikuwa mzee mfupi mwenye sauti kubwa, koti lake la kanisani amelivaa juu ya kaptula. Hakuwa na daftari. Alitembea juu ya ukingo akiita nyumba moja moja, na mkono ukainuliwa. Alipoita nyumba yetu, mgeni, aliyekuwa ameelekezwa na mimi, akainua mkono wake mrefu.

"Huyu ni nani?" msimamizi akauliza.

"Katumwa na baba," nikasema.

Jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji akadakia, "Ni manamba! Wameona mlima mzito, wamenunua mtu."

Na hapo kesi ikaanza. Unatujua Wapare. Watani zetu husema Mpare akiibiwa kuku huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani, na kusema kweli sijawahi kuona sababu ya kuwabishia. Majembe yalilazwa chini. Watu wakasogea. Kila mtu alizungumza Kichasu, maana ndiyo lugha ya ndivani, na mgeni alisimama katikati akigeuza uso kwa kila msemaji, kwa heshima, kama mtu anayefuatilia ibada ya dhehebu lisilo lake.

Jirani hakuwa mtu mbaya, naomba ulielewe hilo. Mwaka uliotangulia mke wake aliugua, yeye akawa hospitalini naye, na zamu yake ikarukwa. "Mboga zangu zilikauka nikiziona," alisema. "Sikununua mtu. Nilimeza. Leo sheria inalegezwa kwa nani?"

Msimamizi akamwambia bibi, taratibu, "Mama, sikatai kwa chuki. Tukikubali mkono wa kununua leo, kesho mwenye duka atanunua, keshokutwa mwenye ng'ombe atanunua. Watabaki kwenye tope wale wasio na cha kununulia. Na usiku ukingo ukipasuka, huyo wa kununuliwa nitampigia pembe isikike hadi tambarare?"

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na bado sijasikia mtu akieleza jambo hilo vizuri zaidi ya yule mzee wa kaptula. Kazi ya ndiva ilikuwa inajenga ukingo, ndiyo, lakini ilikuwa inajenga pia watu watakaoamka ukingo ukipasuka. Hilo la pili huwezi kulipakua kwenye lori.

Bibi hakuwa mtu wa kunyamazishwa na hoja nzuri. Alitoka kwenye mafiga mwiko mkononi, unga mpaka kwenye kiwiko.

"Mgeni siku mbili," alisema, "ya tatu mpe jembe. Si ndivyo wanavyosema hata Waswahili? Kafika Alhamisi, moja. Ijumaa, mbili. Leo Jumamosi, tatu. Mtu wa siku ya tatu si mgeni, ni mtu wa nyumba. Mkono wa nyumba yangu ule pale, tena mrefu kuliko wenu."

Watu wakapiga makofi. Msimamizi akakuna kidevu. Naona hoja ilimpendeza. Lakini jirani akainua kidole.

"Alifika Alhamisi saa ngapi? Nilimwona akipanda kwa miguu pale kanisani, giza limeshaingia. Na jua likizama Alhamisi, hiyo ni Ijumaa. Hata wazee wetu walihesabu hivyo. Basi Ijumaa moja, leo mbili. Bado mgeni!"

Loo! Kelele zikawa maradufu. Wengine walisema siku huanza jua likizama, wengine likichomoza, na mmoja akasema kwa Walutheri ni hivi na kwa Wakatoliki ni vile, akaambiwa akae chini. Jua lenyewe lilikuwa limeshapanda juu ya mikaratusi na hakuna karai hata moja la tope lililokuwa limetolewa. Mwishowe msimamizi akanyamazisha watu, akanigeukia.

"Wewe ulikuwepo. Alipofika kwenu, jua lilikuwa limezama au halijazama?"

Nilikuwa nimekaa mlangoni jioni ile nachambua maharage. Nilikumbuka vizuri kwamba mawe yalikuwa yamenishinda kuyaona, nikamwambia bibi, bibi akawasha kibatari, na baada ya kibatari ndipo mbwa akabweka. Nilimtazama bibi. Hakunikonyeza, hakunitolea macho. Alikuwa anautazama mwiko wake. Nikaona ngazi tatu za maua meupe.

"Kibatari kilikuwa kimeshawashwa," nikasema.

Watu wakaguna. Jirani hakushangilia, hilo nalo nalikumbuka. Bibi akafuta unga kwenye kiwiko chake, akasema kwa sauti ndogo, "Mtoto kasema kweli," akageuka kurudi kwenye mafiga. Nikaanza kulia. Sikulia kwa sauti, machozi tu yalinitoka.

Mgeni akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Binti, kuna nini? Nani kafiwa?"

Nikamwambia kwa Kiswahili, "Wamesema hatupati maji. Wanasema wewe umenunuliwa."

"Mimi?" Akanyooka. "Kumbe muda wote huu mnanijadili mimi? Nilidhani mnagawana kazi!"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia. Ndipo, rafiki yangu, kijiji kizima kilipotambua kwamba kimemshitaki mtu, kimemtetea, kimemhesabia siku na kumhukumu, na hakuna aliyemuuliza neno lolote kwa lugha anayoielewa.

Msimamizi akavua kofia. Akasema kwa Kiswahili chake cha barazani, "Samahani, ndugu. Mwenzako alikulipa nini upande huku?"

"Sikulipwa kitu, mzee. Yeye ananikatia."

"Anakukatia nini?"

"Majani yangu. Mimi ni mkataji. Kazi yangu ya kutwa ni matita, yawe yamepangwa njiani, basi. Msimamizi wetu kule shambani haulizi kakata nani, anahesabu matita tu. Yeye yuko mashineni, hawezi kutoka. Mashine inataka uso wake. Mimi ninaweza kutoka, mradi matita yawepo. Basi akitoka mashineni jioni anashika kisu changu, anaingia mistarini kwangu, anakata mpaka asipoona. Ameanza Alhamisi nilipoondoka. Leo jioni ataingia tena. Na kesho Jumapili atakuwa huko, mimi nikiwa njiani."

Niliona watu wakigeuza vichwa, mmoja mmoja, kuelekea tambarare. Ukungu ulikuwa umefunguka. Mistari ya mkonge ilionekana kule chini, midogo, imenyooka. Bibi alikuwa amesimama njiani kati ya ukingo na mafiga. Ilibidi nimtafsirie. Nilipofika kwenye "mpaka asipoona," akaketi juu ya jiwe, mwiko mapajani.

Msimamizi akairudisha kofia kichwani. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo, "Nyumba hii mkono wake umefika. Umekuja kwa njia ndefu tu." Na jirani yetu, yuleyule, ndiye aliyechukua karai lake akampa mgeni, yeye mwenyewe akaenda kutafuta jingine.

Sina hakika kama nimewahi kuona kazi ikifanywa kwa kasi ile. Tulikuwa tumechelewa, na nadhani kila mtu alikuwa na aibu kidogo ya kuichovya kwenye tope. Wanaume walisimama ndani ya ndiva, tope hadi kiunoni, makarai yakapita mkono kwa mkono mpaka upande wa chini wa ukingo. Mmoja akaimba, wengine wakaitikia, na mgeni akaitikia maneno asiyoyajua, tena kwa nguvu, akikosea, watu wakicheka mpaka makarai yakamwagika. Sisi watoto tulipitisha mawe madogo. Harufu ya tope lile naijua hadi leo: majani yaliyooza, na kitu kitamu kama muwa. Mchana tulikula makande kwenye majani ya mgomba, na waliokuwa wakibishana kuhusu jua walibishana sasa kama yana chumvi ya kutosha.

Kazi ya mwisho huwa ni kuziba tundu. Kizibo chake ni fundo kubwa la nyasi na majani ya mgomba, limefungwa kwenye mti mrefu. Ukiuvuta mti, maji yanatoka. Sikuzote kizibo kilifungwa kwa kamba za mgomba, na sikuzote baada ya wiki chache kamba ilioza, fundo likalegea, na maji ya zamu ya mtu yakavuja usiku. Ilikuwa chanzo cha nusu ya kesi za kijiji. Mgeni aliwatazama wakifunga. Akasema, "Ngojeni." Akaniomba nikimbie nyumbani nikalete ile katani ya mbuzi.

Alifunga kizibo kama anavyofunga tita la mkonge. Mizunguko miwili, ncha ikapita chini ya mzunguko wa kwanza, kisha akaweka goti juu yake na kuvuta kuelekea kifuani. Msimamizi akalipiga fundo teke. Akalipiga tena. Akasema, "Rudia, polepole." Mgeni akalifungua na kulifunga upya, na nikamwona yule mzee, aliyekuwa anamkataa asubuhi, anarudia kwa vidole vyake vinene nyuma yake, hatua kwa hatua, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Zamu yetu ilikuwa Jumatano. Nilisimama kwenye tuta la juu nikayasikia maji kabla sijayaona. Huja na sauti kwanza, mnong'ono kwenye majani makavu, halafu ulimi wa kahawia wenye povu na vijiti. Bibi aliyaelekeza kwa jembe, mche kwa mche. Nilimuuliza kama alikasirika niliposema habari ya kibatari. Hakuacha kufanya kazi. "Ungesema uongo, maji yangekuja," alisema. "Lakini ningeogopa kukutuma uniangalizie tena." Kisha akanionyesha kwa kidevu: "Ziba pale, yanatoroka."

Wiki hiyohiyo shuleni mwalimu alituuliza kazi hulipwa kwa namna ngapi. Wenzangu walisema kwa pesa, kwa chakula, kwa mazao. Mimi nikainua mkono nikasema, "Na kwa kukatiwa majani." Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, alisema, "Hebu njoo mbele utueleze." Nikaeleza, na pengine tangu siku hiyo sijaacha kueleza.

Baba alirudi nyumbani moja kwa moja miaka kadhaa baadaye, kamba za nailoni zilipojaa madukani na shamba la mkonge likapunguza watu. Alikuwa na kikohozi cha vumbi na furaha ya mtu anayelala kwake. Mgeni alipanda kila mwaka siku ya msaragambo, hata baba alipokuwa na mikono yake miwili nyumbani, na hakuna aliyehesabu tena siku zake. Aliposhindwa kupanda, alituma katani. Kisha siku moja haikuja katani, ikaja habari. Bibi alikuwa ameshatangulia kabla yake, na msimamizi wa kaptula kabla ya bibi.

Sasa nirudi kwenye Jumamosi yangu.

Nilifika nikakuta ukingo umepigwa saruji upande mmoja, kazi nzuri, na mfereji wa juu umewekewa bomba. Watu walikuwa wachache kuliko wa zamani. Vijana wengi wako Same, Moshi, Dar es Salaam, nao wametuma michango yao, na michango hiyo ndiyo iliyonunua saruji, siwezi kuilaumu. Msichana mwenye simu alikuwa anaandika waliofika. Akaniamkia, nikaitikia. "Mama, umekuja kwa nyumba ipi?" Nikamtajia. Akatafuta kwenye simu yake, akashangaa. "Lakini mmeshachangia! Kaka yako ametuma." Nikamwambia ninajua. Nikafungua gazeti kwenye jembe langu.

Pembe haipo tena. Niliuliza, wakasema labda iko kanisani, labda imepotea. Wimbo upo nusu, beti mbili hivi, wengine walicheza muziki kwenye simu. Makande yalikuwepo, tena yaliungwa nazi, jambo ambalo bibi angelifungulia kesi. Mgongo uliniuma baada ya makarai kumi. Nilifurahi sana, sikufichi.

Mchana ukafika wakati wa kuziba tundu. Saruji haijafika kwenye tundu, kizibo bado ni nyasi na mti. Kijana mmoja, wa miaka ishirini hivi, ana kofia ya timu ya mpira, akatoa kamba ya nailoni mfukoni. Mizunguko miwili. Ncha ikapita chini ya mzunguko wa kwanza. Akaweka goti, akavuta kuelekea kifuani.

"Hilo fundo umejifunza wapi?" nikamuuliza.

Akanitazama kama nimemuuliza alijifunza wapi kutembea. "Hivi ndivyo linavyofungwa hapa kwetu, mama. Tangu zamani. Ni fundo la Wapare."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nayo hadithi yote, mashine na matita, karatasi ya mistari miwili, mtu mrefu kutoka Kigoma anayeitikia wimbo asioujua, baba mistarini akikata mpaka asipoona. Lakini maji yalikuwa yameshaanza kuingia ndivani, na kijana alikuwa na haraka.

"Unataka nikufundishe?" akaniuliza. "Si gumu."

"Nifundishe," nikasema. Nikapiga goti kwenye tope karibu naye. "Rudia, polepole."